Ibrahim Sekagya: beki wa Kampala aliyegeuka antrenere Marekani, na swali analoacha kwa mpira wa Fizi

Usiku wa tarehe 16 Novemba 2025, kule Rabat nchini Maroko, penalti ya mwisho kati ya Kongo na Nigeria ilimwangukia Chancel Mbemba. Kapiteni alipiga, nyavu zikatikisika, Leopards wakapita. Siku tatu kabla, huyo huyo Mbemba ndiye aliyeiangusha Kameruni kwa bao la dakika za mwisho kabisa.

Mbemba ni beki. Kazi yake ya kila siku ni kuzuia, kusukuma mpira mbali na kupanga wenzake. Lakini ukipita Kazimia jioni, pale vijana wanapocheza karibu na maji, ni wachache watakaokuambia wanapenda kucheza nyuma. Kila mmoja anataka kuwa mfungaji. Beki anawekwa yule aliyechelewa kufika, ama yule ambaye miguu yake haina ufundi.

Kuna swali lingine ambalo halizungumzwi sana katika eneo letu: mchezaji akimaliza kucheza anaenda wapi? Huku kwetu jibu linajulikana. Wengine wanarudi ziwani kuvua ndagala na mikebuka, wengine wanaendesha pikipiki, wengine wanapanda Misisi kutafuta dhahabu. Yale yote waliyojifunza miaka kumi au kumi na tano kiwanjani yanapotea nao. Ni wachache sana wanaogeuka waalimu wa mpira wenye karatasi, na ni wachache zaidi wanaofanya kazi ya kutafuta vipaji, kazi ya yule watu wa mpira wanayemwita rekritere.

Ndiyo maana safari ya Mganda mmoja, Ibrahim Sekagya, inastahili kuangaliwa kwa utulivu. Hakutoka Ulaya. Alitoka Kampala, akacheza nyuma maisha yake yote, na leo jina lake linajulikana Marekani kama antrenere.

Njia iliyopita Argentina

Sekagya alizaliwa Kampala mwezi wa Desemba 1980. Alipokuwa kijana wa miaka kama ishirini hivi, mwanzoni mwa miaka ya 2000, hakupata mlango wa Ubelgiji wala wa Ufaransa kama wachezaji wengi wa Afrika. Alienda Argentina, nchi ambayo ina wachezaji wake wengi kupita kiasi na haina kawaida ya kuchukua Waafrika.

Ekipe yake ya kwanza kule ilikuwa Atlético de Rafaela. Halafu akaenda Ferro Carril Oeste ya mji wa Buenos Aires, iliyokuwa ikicheza daraja la pili. Kutoka hapo akapanda hadi Arsenal de Sarandí, ekipe ya daraja la kwanza. Ni miaka kadhaa ya kujifunza Kihispania, kuzoea chakula kingine na baridi ya mwezi wa saba, mbali na ndugu. Hakuruka ngazi. Alipanda moja moja.

Mwaka 2007 klabu ya Salzburg ya Austria ikamchukua. Kampuni ya Red Bull ilikuwa imeinunua klabu hiyo mwaka 2005 na kuweka pesa nyingi. Sekagya alikaa pale misimu sita. Alishinda shampiona ya Austria mara tatu: msimu wa 2008/09, wa 2009/10 na wa 2011/12, ule wa mwisho pamoja na kombe la nchi. Wakati huo huo alikuwa kapiteni wa ekipe ya taifa ya Uganda, Cranes.

Na upande wa Cranes kulikuwa pia na machozi. Tarehe 8 Oktoba 2011, katika kiwanja cha Namboole, Uganda ilihitaji ushindi mbele ya Kenya ili iende Kombe la Afrika la 2012. Mechi ikaisha sare ya bila bao. Watu walilia viwanjani. Kizazi cha Sekagya hakikufika Kombe la Afrika; Uganda ilirudi huko mwaka 2017 tu, baada ya kukosa tangu 1978.

Antrenere watano, darasa moja

Kuna jambo katika miaka ile ya Salzburg ambalo watu hawalioni haraka. Alipofika, ekipe ilikuwa chini ya Giovanni Trapattoni, mzee wa Italia aliyeshinda mashampiona katika nchi nyingi. Halafu wakapita Waholanzi watatu: Co Adriaanse, Huub Stevens na Ricardo Moniz. Mwisho akaja Mjerumani Roger Schmidt. Ni antrenere watano katika misimu sita, na kila mmoja na njia yake.

Trapattoni alikuwa mtu wa kulinda kwanza. Adriaanse alipenda kushambulia. Schmidt alitaka wachezaji wote wamkimbilie mwenye mpira mara tu wanapoupoteza, na mabeki wasimame juu karibu na katikati ya kiwanja. Kwa mshambuliaji mabadiliko kama haya yanasumbua kidogo. Kwa beki yanageuza kila kitu: wapi asimame, lini atoke, nani amfunike nani, mstari upande ama ushuke. Beki wa kati anayepita mikono mitano ya namna hiyo, hata kama haandiki kitu kwenye daftari, anatoka na shule nzima kichwani.

Hii inasaidia kueleza kwa nini mabeki wengi wanageuka antrenere. Mshambuliaji anacheza mgongo ukiwa kwa wenzake wengi. Beki anacheza uso ukiwa kwao. Anaona ekipe yake yote mbele, anaona nafasi iliyobaki wazi kabla mpinzani hajaiona, na analazimika kusema. Beki asiyesema ni hatari kwa ekipe. Kusema, kupanga na kuona mapema ni sehemu kubwa ya kazi ya antrenere.

Ng'ambo ya ziwa letu, Tanzania, kuna mfano wa Mecky Mexime. Naye alikuwa beki, akawa nahodha wa Taifa Stars, akacheza Mtibwa Sugar, halafu akawa kocha wa Mtibwa hiyo hiyo na baadaye Kagera Sugar. Na hapa Kongo, ingawa yeye alikuwa kiungo, Pamphile Mihayo alikuwa katika TP Mazembe ile iliyofika fainali ya dunia ya klabu tarehe 18 Desemba 2010 mbele ya Inter ya Italia, ikiwa ekipe ya kwanza ya Afrika kufika pale. Miaka saba mbele, mwaka 2017, Mihayo akiwa antrenere aliiongoza Mazembe hiyo hiyo kubeba Kombe la Shirikisho la Afrika. Hakuletwa kutoka mbali. Klabu ilimtoa kiwanjani na kumweka kwenye benchi.

Kushuka chini ili kuanza upya

Katikati ya mwaka 2013 Sekagya alihamia New York Red Bulls ya Marekani, akicheza pamoja na Thierry Henry na Tim Cahill. Mwaka ule ule ekipe ilimaliza na pointi nyingi kuliko nyingine zote na kupata Supporters' Shield, kombe kubwa la kwanza katika historia ya klabu hiyo. Baada ya msimu wa 2014 akaacha kucheza.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mchezaji aliyezoea kushangiliwa anataka benchi ya ekipe kubwa mara moja, na asipoipata anakasirika. Sekagya alifanya kinyume. Alibaki katika klabu hiyo na kuanza na watoto wa shule ya mpira. Alipanga koni, akarudia zoezi moja mara kumi, akafundisha vijana ambao wengine hawakuwahi kumwona akicheza. Baadaye akapanda kuwa msaidizi katika ekipe ya pili ya klabu. Ilipofika 2023 akakabidhiwa ekipe hiyo ya pili awe antrenere mkuu.

Ni karibu miaka minane kutoka kuvua viatu hadi kuwa mkuu. Si muda mdogo kwa mtu aliyebeba mashampiona matatu.

Kazi ya ekipe ya pili ina sura yake. Matokeo yanaangaliwa, lakini mwalimu anapimwa zaidi kwa idadi ya vijana anaowapandisha kwenye ekipe kubwa. Anapokea kijana wa miaka 16 ama 18, anaangalia kinachokosekana, anakijaza. Kila siku ni kazi ya kupima vipaji. Katika klabu za namna hii, antrenere wa vijana na mtafuta vipaji wanafanya kazi mkono kwa mkono: mmoja anatafuta, mwingine anasema kama kilichopatikana kitakua.

Klabu za Red Bull zimejenga jina lao juu ya kazi hiyo. Katika msimu wake wa mwisho Salzburg, Sekagya alicheza na kijana wa Senegal aliyekuwa ametoka Metz ya Ufaransa, ambaye wakati ule alijulikana na wachache: Sadio Mané. Miaka michache mbele klabu hiyo ikawachukua Wazambia wawili, Patson Daka na Enock Mwepu. Zambia ni jirani. Maji ya Mpulungu ndiyo haya haya ya Kazimia. Mwepu alilazimika kuacha mpira mwaka 2022 akiwa na miaka 24 kwa sababu ya ugonjwa wa moyo. Klabu yake ya wakati huo, Brighton ya Uingereza, haikumwacha barabarani. Ilimpa kazi ya kufundisha watoto wa chini ya miaka 9.

Rekritere anaangalia nini

Kwa vijana wengi wa huku, rekritere ni mtu anayekuja siku moja na gari, anaangalia mechi moja, anaondoka na mfungaji wa mabao mawili. Kazi yenyewe haiendi hivyo.

Mtafuta vipaji wa kweli anamwangalia kijana mara nyingi, katika mechi tofauti, akishinda na akishindwa. Kwa beki, anaangalia kwanza kile anachofanya mpira ukiwa mbali. Je, anageuza kichwa kuangalia nyuma yake? Anaongea na wenzake? Baada ya kukosea anaficha uso ama anaomba mpira tena? Pasi yake ya kwanza inaenda mbele ama anapiga juu tu ili balaa iondoke? Halafu anauliza nje ya kiwanja: anakuja mazoezi kwa saa? Anaishi na nani? Anasoma?

Mambo haya hayaonekani katika dakika ishirini za "test". Ndiyo maana mtu anayeishi na vijana, anayewajua tangu wadogo, ana thamani kuliko mgeni wa siku moja. Na mtu huyo mara nyingi ni mchezaji wa zamani wa hapo hapo.

Axel Tuanzebe ni mfano unaouma kidogo. Alizaliwa Bunia, Ituri, mwaka 1997. Familia yake ikaenda Uingereza akiwa bado mdogo, na akiwa mtoto tu Manchester United ikamchukua katika shule yake. Leo ni beki aliyechagua kuvaa jezi ya Leopards. Kipaji kilizaliwa mashariki ya Kongo. Waliokiona, wakakiandika na kukilea walikuwa Uingereza, kwa sababu kule kuna watu wenye kazi ya kuangalia watoto kila Jumamosi.

Pale sheria zinapomlinda mtoto

Kukosa watu wa kazi hiyo kunaacha nafasi kwa wadanganyifu. Mzazi anaambiwa atoe dolari kwa ajili ya safari, picha na "test" kule Kigoma, Bujumbura ama mbali zaidi. Mwingine anauza nyavu ama mtumbwi. Kabla ya kutoa hata franka moja, ni vizuri kila mzazi ajue mambo machache ambayo FIFA imeyaweka wazi.

La kwanza: mchezaji mwenye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuhamishwa kutoka nchi moja hadi nyingine kwa ajili ya mpira, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kama wazazi wenyewe kuhama kwa sababu isiyo ya mpira, ama mtoto kukimbia vita bila wazazi. Mtu anayesema atampeleka kijana wa miaka 15 kusaini Ulaya anasema kitu ambacho sheria inakataa.

La pili: wakala wa wachezaji lazima awe na lisansi ya FIFA, inayopatikana kwa mtihani. Na hawezi kumkaribia mtoto bila ruhusa ya maandishi ya mzazi ama mlezi. Wakala anayemwita kijana pembeni bila baba kujua amekwisha kuvunja sheria.

La tatu linahusu ekipe zetu. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja hadi nyingine, asilimia 5 ya bei inakatwa na kugawiwa klabu zote zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 unalipwa robo ya asilimia moja. Kila msimu wa 16 hadi 23 unalipwa nusu ya asilimia. Tufanye hesabu. Kijana akiuzwa dolari milioni 1, klabu iliyomlea misimu minne, tangu miaka 12 hadi 15, ina haki ya dolari 10,000. Hiyo ni mipira, viatu, na mshahara wa antrenere kwa muda mrefu.

Lakini pesa hiyo inafuata karatasi. Klabu iwe imetambuliwa na shirikisho, na kijana awe ameandikishwa kwa jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa. Ekipe ambayo majina ya wachezaji yako katika daftari la mtu mmoja, ama katika kichwa chake tu, haitaonekana popote.

Karatasi inaanzia nyumbani. Sheria ya familia ya Kongo inasema mtoto aandikishwe katika siku 90 tangu kuzaliwa, na ni bure. Watoto wangapi wa Kazimia, wa Ubwari, ama waliozaliwa katika kukimbia vita, wanayo hiyo attestation? Hata Mbemba mwenyewe, alipokuwa anaanza Ulaya, alisumbuliwa na tarehe za kuzaliwa zilizopingana katika karatasi zake, hadi FIFA ikaangalia jambo hilo. Yeye alipita. Kijana asiyejulikana atakwama pale.

Vita, barabara na kinachowezekana

Hakuna anayeweza kuandika juu ya mpira wa mashariki na kusahau hali ya nchi. Mwaka 2025 Goma iliangukia mikononi mwa M23 mwezi wa Januari, Bukavu mwezi wa Februari, na mwezi wa Desemba vita vikafika Uvira. Wakaaji wengi walikimbilia upande wa Baraka na Fizi, wengine wakavuka maji. Ekipe za Goma na Bukavu zilikosa kupokea mechi za Linafoot nyumbani. Barabara ya Uvira, Baraka hadi Fizi ni ile ile ya udongo ambayo mvua inaikata.

Katika hali hiyo, kusema juu ya lisansi za antrenere kunaweza kuonekana ni ndoto. Lakini tuangalie tena mambo Sekagya aliyoyafanya baada ya kuacha kucheza. Hakuanza na kiwanja cha nyasi nzuri peke yake. Alianza na subira ya kufundisha watoto, na alikubali kuwa mwanafunzi tena. Hilo halihitaji lami.

Shirikisho la Afrika, CAF, lina ngazi za lisansi zinazoanza D, halafu C, B, A hadi ya juu kabisa. Ngazi ya chini ni ya watu wanaofundisha watoto na ekipe za mtaa, na ndiyo inayofaa mabeki wetu wa zamani. Viongozi wa mpira wa Fizi na Baraka wanaweza kuomba mafunzo ya ngazi hiyo yaletwe karibu, badala ya kungoja kila mtu asafiri hadi Kinshasa ama Lubumbashi. Ekipe mbili ama tatu zikichanga nauli ya mtu mmoja, mtu huyo akirudi atafundisha wengine.

Kila ekipe inaweza pia kuanza leo na daftari moja: jina la kijana, siku ya kuzaliwa, jina la mzazi, namba anayocheza, msimu aliofika, msimu aliotoka. Nakala moja ikae kwa kiongozi wa ekipe, nyingine ipelekwe kwa wakubwa wa mpira wa eneo. Vita vikichoma nyumba moja, nakala ya pili inabaki. Kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma, imepokea familia za Fizi tangu 1996; katika familia hizo wamezaliwa wachezaji ambao hakuna ekipe ya huku inayoweza leo kuonyesha kwamba iliwalea.

Mwisho kuna kazi ya wachezaji wa zamani wenyewe. Wapo Kazimia wanaume wa miaka 35 ama 40 waliocheza nyuma miaka mingi, wanaojua kusoma mechi kuliko wengi wanaopiga kelele pembeni. Jioni wanakaa kwenye mitumbwi wakitengeneza nyavu na kuangalia watoto wakicheza mita hamsini mbele yao. Wanaona yule mdogo anayegeuza kichwa kabla mpira haujafika. Wanamjua baba yake. Wanachokosa ni mtu wa kuwaambia kwamba kuona vile ni kazi, na kwamba inaanza kwa kusimama na kwenda kumwita mtoto jina lake.